Zege la Tassia: Nani Hulipima Wapangaji Wakishaingia?

Barabara ya Outer Ring, inayopita ubavuni mwa Tassia, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, ilipanuliwa katika muongo uliopita kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kilomita zake ni 13, na kwa barabara ya kiwango hicho hakuna tabaka linaloruhusiwa kufunikwa na jingine kabla ya kupimwa: udongo ulioshindiliwa, kokoto, lami yenyewe. Mhandisi msimamizi hutia sahihi na karatasi huhifadhiwa. Ukivuka mtaro wa barabara hiyo na kuingia mtaani, desturi hiyo inakoma. Nyumba za kupangisha za orofa sita, saba na nane zimesimama bega kwa bega, na ukimuuliza keateka, au hata mwenye nyumba mwenyewe, zege la nguzo za chini lina nguvu kiasi gani, mara nyingi hana la kukujibu. Wala hakufichi kitu, hajawahi kuambiwa.

Asubuhi ya Ijumaa, Desemba 6, 2019, nyumba moja ya orofa sita ilianguka hapo Tassia wapangaji wakiwa ndani. Waliofariki hawakupungua 10. Kila mkasa wa aina hii ukitokea Nairobi, mjadala huelekea kwa watu: nani alitoa kibali, nani alifumba macho, nani ashtakiwe. Maswali hayo yana haki yake. Lakini kuna swali jingine linalobaki nyuma, nalo ni la vitu vyenyewe: saruji, mchanga, nondo, udongo na maji, na jinsi tunavyoweza kujua hali yake kabla havijatuangukia. Wahandisi wana njia nyingi za kupima zege, na Kenya inazo karibu zote. Tunachokosa ni kulirudia jengo lile lile mwaka baada ya mwaka, watu wakiwa wanaishi ndani, na kuwa na mtu mwenye amri ya kuwatoa vipimo vikisema watoke.

Tuanze na mazingira. Mhandisi akisikia “mazingira magumu” hufikiria nguzo za gati zinazokaa ndani ya maji ya chumvi, tanuri la kiwanda, au bomba linalopita kwenye barafu. Tassia haina hata kimoja kati ya hivyo. Iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600, hewa yake ni ya wastani, haina theluji wala chumvi ya bahari. Ugumu wake umejificha chini ya sakafu.

Sehemu kubwa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, nao umelala juu ya mwamba wa volkano. Udongo huu una madini ya jamii ya smektaiti, yenye matabaka membamba mno yanayovuta maji na kuyaweka katikati yake. Mvua ikinyesha, unavimba. Jua likiwaka, unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Kwa kuwa mwaka una masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, msingi uliowekwa juu ya udongo huo husukumwa na kuachiliwa, kisha husukumwa tena kabla mwaka haujaisha. Kila fundi anajua dawa yake: chimba mpaka ukutane na mwamba, udongo mweusi wote utoke. Mwamba ukiwa karibu, hakuna ubishi. Ukiwa mbali, kila futi inayoongezeka ni malipo ya wachimbaji na malori ya kubeba udongo, na hapo ndipo mwenye ploti huanza kuuliza kama kina hicho hakijatosha.

Udongo ukivimba kwa usawa chini ya nyumba nzima, madhara huwa madogo. Balaa huja pembe moja inapolowa na nyingine kubaki kavu, na historia ya Tassia imeuandalia uwanja mzuri ulowevu wa namna hiyo. Ardhi hiyo ilikuwa mali ya NSSF, hazina ya malipo ya uzeeni. Watu waliikalia na kujenga kabla ya umiliki kurasimishwa. Mradi wa kuweka barabara, maji na mabomba ya maji taka katika sehemu ya Tassia II, uliokadiriwa kugharimu takriban shilingi bilioni 5, ukageuka mzozo mkubwa kati ya wadhamini wa hazina hiyo na kufika bungeni mnamo 2013 na 2014. Kwa maneno mengine, nyumba zilitangulia, mabomba yakaachwa nyuma. Bomba la maji taka lililounganishwa ovyo likivuja kwenye pembe moja ya jengo, pembe hiyo huwa na masika yake peke yake mwaka mzima. Kipimo cha udongo kilichochukuliwa siku ya kuchimba msingi hakiwezi kukwambia habari za bomba lililopasuka miaka tisa baadaye.

Kisha kuna mzigo. Hapa hesabu kidogo inasaidia kuliko maelezo mengi, na iwe wazi kwamba ni ya kukadiria tu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Slabu yenye unene wa milimita 150 ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita tatu kwa tatu kimekalia slabu ya zaidi ya tani tatu. Ongeza kuta za mawe, vigae, watu, vitanda na jiko, na nguzo moja inayobeba eneo la chumba kama hicho inaweza kupokea tani 8 kutoka kwa kila orofa. Orofa tatu ni tani 24. Orofa sita ni tani 48. Juu ya paa, kwa sababu maji ya mfereji Eastlands huja kwa zamu, kuna matangi. Tangi moja la lita 10,000 likijaa ni tani 10.

Sasa tuitazame nguzo yenyewe. Yenye upana wa milimita 200 kwa 200 ina eneo la milimita za mraba 40,000. Zege lenye nguvu ya niutoni 25 kwa milimita ya mraba lingehimili, ukiacha mchango wa nondo, karibu tani 100 kabla ya kupondeka. Zege lenye niutoni 10 lingefikia tani 40 tu. Linganisha na mzigo: nyumba ya orofa tatu yenye zege baya itasimama, na itasimama miaka, na mwenye nyumba atakuwa na kila sababu ya kuamini kwamba fundi wake ni hodari. Akipandisha orofa ya nne, bado imesimama. Ya tano vilevile, ingawa sasa tani zimefika 40. Zege halikubadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni deni lililowekwa juu yake. Ndiyo sababu hoja ya kwamba “nyumba imekaa miaka yote hii bila shida” haina uzito wowote kwa mhandisi.

Niutoni 25 zinageukaje kuwa 10? Kisa hiki ni cha zamani. Mnamo 1918, Duff Abrams, aliyefanya utafiti wake Chicago, alitangaza matokeo ya majaribio mengi sana yaliyoonyesha kwamba nguvu ya zege hutawaliwa zaidi na uwiano wa maji kwa saruji. Maji yakizidi, nafasi yaliyokuwa yamekaa hubaki kuwa vitundu, na zege lenye vitundu ni dhaifu. Lakini zege lenye maji mengi ni rahisi kumwaga. Linateleza kwenye karai, linaingia lenyewe katikati ya nondo zilizosongamana, na kijana wa mkono anayepanda ngazi na karai begani tangu asubuhi hana sababu ya kulipenda zege gumu. Kwenye mjengo ambao hauna mashine ya kutikisa zege, maji ndiyo mashine. Hapo hakuna hila. Ni mchovu anayetafuta nafuu, na ndiyo maana mahubiri hayamalizi tatizo hili.

Saruji nayo ina lake. Nyingi inayouzwa madukani ni ya daraja la 32.5, iliyochanganywa na majivu ya volkano yanayopatikana kwa wingi katika nchi yetu. Si saruji mbaya. Hutoa zege gumu na lenye kudumu, ila hukomaa polepole, na inahitaji kumwagiliwa maji kwa siku nyingi baada ya kumwagwa. Sasa iweke kwenye slabu iliyo wazi orofa ya tano huko Embakasi, upepo wa nyanda za Athi ukipuliza tangu asubuhi, na mwenye nyumba aliyeahidi wapangaji kuingia mwisho wa mwezi. Nguzo zinavuliwa mbao mapema, slabu inayofuata inamwagwa juu yake, na mzigo unafika kabla ya nguvu. Mchanga ukiwa na udongo ndani, mambo huzidi kuharibika, ingawa huo ndio upungufu ulio rahisi kuliko yote kuugundua: tia mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie, tazama unene wa tope lililokaa juu.

Kipimo kinachotegemewa kisheria na kimazoea ni mchemraba. Zege linapomwagwa, kiasi chake hujazwa kwenye kiunzi cha chuma chenye milimita 150 kila upande, huzamishwa ndani ya maji yenye joto lisilobadilika, na hupondwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Ni kipimo kizuri, na majengo makubwa ya katikati ya jiji yamejengwa kwa kukitegemea. Udhaifu wake ni kwamba mchemraba ni mtoto anayeletwa mbele ya wageni akiwa ameshaogeshwa. Uliumbwa kwa uangalifu, ulikaa siku 28 ndani ya maji ambayo nguzo haikuyapata, na haukuwahi kukauka kwa upepo wala kubebeshwa orofa nzima ukiwa na umri wa siku tano. Hukwambia saruji na kokoto hizo zingeweza kuwa nini. Kilichomo ndani ya nguzo ni habari nyingine.

Kwa jengo lililokwisha kusimama kuna zana nyingine. Nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa Uswisi katikati ya karne iliyopita, hugonga uso wa zege na kupima jinsi chuma chake kinavyoruka nyuma. Ni nyepesi, ya haraka, na wakaguzi wanaipenda. Ina kasoro moja ambayo katika majengo yetu ni kubwa: zege linapozeeka, hewa ya kaboni dayoksaidi hupenya na kuufanya uso wake uwe mgumu zaidi, hivyo nyundo hutoa namba nzuri kwenye nguzo ambayo huenda ndani yake nondo zimeanza kuoza. Mkaguzi anayeitegemea peke yake kwenye jengo la miaka 15 anaweza kulipa sifa lisizostahili. Mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu hufanya kazi bora zaidi. Yakipita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 4.5 kwa sekunde, zege limeshikana vizuri, na yakiwa chini ya kilomita 3 kuna mashaka. Kisha kuna keekee inayotoa kipande cha mviringo kutoka ndani ya nguzo, kikaenda kupondwa maabara. Hicho ndicho kipimo kisichodanganya kwa urahisi, na pia ndicho ambacho mwenye nyumba hukipinga zaidi, kwa kuwa huacha tundu ukutani na maswali kwa wapangaji.

Zana hizi haziko mbali. Idara ya serikali ya upimaji na utafiti wa vifaa vya ujenzi iko Barabara ya Machakos, katika Eneo la Viwanda, mwendo mfupi wa matatu kutoka Tassia. Shirika la Viwango la Kenya liko South C. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta vina maabara za zege, na wanafunzi wao huandika tasnifu kuhusu mchanga, saruji na nondo za soko letu. Kwa upande wa sheria, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya 2011, na kanuni mpya ya ujenzi ya 2024 imechukua nafasi ya ile ya 1968 kuanzia Machi 2025. Anayedai kwamba Kenya haina utaalamu hajafika Eneo la Viwanda.

Isitoshe, Kenya imewahi kuufundisha ulimwengu jinsi ya kufuatilia vifaa vya ujenzi kwenye mazingira magumu, na ni ajabu kwamba kisa hiki hakitajwi sana. Mapema miaka ya 1970, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ikishirikiana na Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia, ilichagua vipande vya barabara sehemu mbalimbali za nchi, vya lami na vya murram, na kuvirudia kwa miaka kadhaa. Walipima mikwaruzo ya uso, mifereji inayochimbwa na magurudumu, nyufa, kokoto zinazopotea, mvua iliyonyesha na magari yaliyopita. Ripoti ilitoka 1975. Mahesabu yaliyozaliwa humo yaliingia katika programu ambazo Benki ya Dunia na nchi nyingi zimezitumia tangu wakati huo kuamua barabara ifanyiwe ukarabati lini. Hawakuwa na setilaiti wala kompyuta ya mkononi. Walichokuwa nacho ni uvumilivu: mahali pale pale, kifaa kile kile, daftari lile lile.

Hakuna kazi ya ukubwa huo iliyofanyiwa nyumba za kupangisha za Eastlands, na pengo hilo linaonekana kila tunapotaka kujibu swali dogo tu. Chukua suala la mvua. Jengo la Huruma lililoua watu wapatao 50 lilianguka Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa. La Kware, katika Embakasi hiyo hiyo, lilianguka Juni 12, 2017, masika yakiwa yametoka kuisha. La Tassia lilianguka mwishoni mwa vuli ya 2019, ambayo ilikuwa na mvua kupita kiasi kwa sababu maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto lisilo la kawaida. Mtu ataona mtindo hapo. Lakini jengo la Kasarani la Novemba 2022, lililokuwa bado linajengwa, lilianguka katika mwaka wa ukame mkali. Visa vinne havithibitishi kitu. Kama tungekuwa na vipimo vya mwinamo vya nyumba 100 za Tassia kwa miaka 10, tungejua kama misingi yao inahama kwa majira au la. Hatuna, kwa hiyo kila anayetoa kauli kuhusu mvua, mimi nikiwemo, anabahatisha kwa ustadi.

Ukaguzi uliofanywa si haba. Ule wa NCA uliotajwa sana baada ya Huruma ulisema asilimia 58 ya majengo ya Nairobi hayafai kukaliwa. Namba hiyo ilishtua, ikachapishwa kila mahali, na kwa maoni yangu ilidhuru kuliko kusaidia. Zaidi ya nusu ya jiji haiwezi kubomolewa, wala zaidi ya nusu ya wakaaji hawana pa kuhamia. Namba isiyoweza kutendewa kazi huwazoesha watu hatari. Kilichohitajika ni orodha fupi na iliyopangwa kwa utaratibu: majengo haya 20 yamehama kwa milimita kadhaa tangu mwaka jana, mengine yanaweza kusubiri. Orodha kama hiyo haipatikani kwa ukaguzi wa siku moja. Inatokana na kurudi.

Kurudi kwa namna gani? Wapo wanaosema vihisi, na ni kweli kwamba vifaa vinavyopima mwinamo na mtikisiko vimekuwa vya bei nafuu. Kila simu janja ina kimoja ndani yake. Katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, watafiti wamekwisha kujaribu kupima kina cha maji mtoni kwa vihisi vinavyotuma habari kwa redio. Mashaka yangu ni ya betri na mikono. Kihisi kinachofungwa kwenye ngazi ya nyumba yenye wapangaji wengi kitapakwa rangi, kitang'olewa, kitanyeshewa, na mfadhili wake atakuwa ameshahamia mradi mwingine kabla ya masika ya tatu. Kwa upande wa angani, setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, zilizoanza kurushwa 2014, hupita mahali pale pale kila baada ya siku chache na rada yake inaweza kuonyesha kushuka kwa ardhi na mapaa kwa milimita. Picha zake ni za bure. Mabati yanayopishana na majengo yaliyosongamana huleta utata katika kuzisoma, lakini kwa mtaa mzima ni njia ya kuanzia isiyohitaji ruhusa ya mwenye nyumba yeyote, na kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kiko Kasarani.

Hata hivyo kifaa ninachokiamini zaidi ni kipande cha plastiki angavu chenye mistari, kinachogundishwa juu ya ufa kuonyesha kama unapanuka. Hakina umeme. Mtu anakipiga picha kila mwisho wa mwezi, siku ile ile ambayo keateka anazunguka kukusanya kodi. Ufa wenyewe si habari. Nyumba nyingi zina nyufa za plasta ambazo hazitaua mtu. Habari ni ufa uliokuwa milimita moja Januari na umefika tatu Aprili, hasa ukiwa umelala mshazari karibu na nguzo. Kutofautisha hizo mbili kunahitaji tarehe mbili tu.

Lakini tarehe mbili zikishapatikana, ni nani wa kuzitendea kazi? Hapo Kware na Huruma zinatofautiana kwa namna ambayo ingefaa kufundishwa vyuoni. Kware, nyufa zilionekana, wakaaji wakaambiwa watoke, na wengi wakawa wameshatoka jengo lilipoanguka usiku. Waliofariki walihesabika kwa vidole. Hakukuwa na maabara wala setilaiti. Palikuwa na macho, na watu walioyaamini macho hayo mapema. Huruma, jengo lilikuwa limekwisha kutiwa kwenye orodha ya kubomolewa, na bado lilikuwa na wapangaji usiku ule. Taarifa zilikuwepo pande zote mbili. Upande mmoja tu ndio uliowatoa watu.

Bangladesh ililipa gharama kubwa zaidi kwa somo hilo. Nyufa za Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo, zilionekana Aprili 23, 2013, mhandisi akaonya, wafanyakazi wa benki iliyokuwa humo wakatoka. Washona nguo waliamriwa kurudi kesho yake, na jengo likaua watu 1,134. Makubaliano yaliyofuata kati ya makampuni ya nguo na vyama vya wafanyakazi yaliwafungulia wahandisi viwanda zaidi ya 1,600, na lililoyatofautisha na ukaguzi uliotangulia ni mambo mawili: ripoti ya kila kiwanda iliwekwa hadharani, na kiwanda kilichokataa kurekebisha kilipoteza wateja. Tassia haina mnunuzi wa nguo ng'ambo wa kutisha wenye nyumba. Mteja wake ni mpangaji, ambaye kodi ya chumba imemfunga, ambaye akitoka leo hana hakika ya kurudishiwa amana yake, na ambaye nyumba ya pili atakayohamia, mita 50 mbele, ilijengwa na fundi yule yule.

Pwani ya Waswahili ina mifano yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, ilikuwa jengo linalotazamwa na wataalamu wa ndani na nje kwa miaka, na bado sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, ikiwa katika ukarabati. Kutazamwa si kinga. Dar es Salaam imepata misiba ya Mtaa wa Indira Gandhi mnamo Machi 2013, watu 36 wakafariki, na ya Kariakoo Novemba 2024. Huko wanapambana na chumvi ya bahari juu ya matatizo yetu yote. Hilo linahitaji makala yake.

Kuna jambo moja ambalo nadhani wachambuzi wengi wameliruka. Majengo yanayoanguka yakiwa machanga huuawa na mzigo na zege dhaifu. Yale yaliyonusurika hatua hiyo hayajapona. Yanaingia katika hatua ya pili, ya kutu. Nondo ndani ya zege hulindwa na hali yake ya alkali. Kaboni dayoksaidi ya hewani huiondoa hali hiyo polepole kutoka nje kuelekea ndani, na kina chake hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: kufika mara mbili zaidi huhitaji muda mara nne. Katika zege zuri ambalo hewa hupenya milimita 3 katika mwaka wa kwanza, ngozi ya milimita 20 juu ya nondo hudumu zaidi ya miaka 40. Katika zege lenye vitundu ambalo hewa hupenya milimita 10, ngozi ile ile huisha kwa miaka 4. Baada ya hapo yanahitajika maji tu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo zege hupasuka kutoka ndani.

Mahali pa kutazama panajulikana. Ni miguu ya nguzo inapogusana na udongo uliolowa maji taka, na nguzo zilizo nyuma ya vyoo na mabafu ya pamoja, ambapo ukuta haukauki tangu nyumba ilipofunguliwa. Kipimo chake ni matone ya fenoftalini kwenye zege lililobanduliwa: likigeuka waridi, kinga ipo, likibaki rangi yake, imeondoka. Ni kazi ya dakika chache. Nyumba nyingi za Tassia na mtaa jirani wa Pipeline zilipanda kuanzia miaka ya 2000, kwa hiyo zinakaribia au zimepita umri wa miaka 15, na matokeo ya kipimo hicho, nguzo kwa nguzo, hayajakusanywa mahali pamoja.

Ningeanza na nyumba 100 zilizochaguliwa kwa kura, ili mwenye nyumba yeyote asidai ameonewa. Matone ya fenoftalini kila baada ya miaka miwili, plastiki za nyufa kila mwezi, usomaji wa mwinamo mwanzoni na mwishoni mwa kila msimu wa mvua, na matokeo yabandikwe langoni karibu na namba ya kulipia kodi. Sehemu ya uhandisi ni rahisi, na fedha zake ni ndogo zikilinganishwa na barabara iliyo pembeni. Sehemu ngumu ni kifungu cha sheria ambacho hakijaandikwa: kwamba namba fulani ikifikiwa, amana ya mpangaji hurudishwa siku hiyo hiyo na kodi ya mwezi husimama mpaka mhandisi atie sahihi. Bila hicho, plastiki za kwanza kung'olewa ukutani zitakuwa zile zinazoonyesha milimita tatu, na huenda watakaozing'oa ni wapangaji wenyewe.